Forge si kughushi tu

Kwenye semina moja nilisoma slaidi hii: "Tumeghushi ushirikiano wa kudumu na wadau." Ukumbi ukacheka, kasoro mtoa mada, aliyekuwa ametafsiri neno la Kiingereza forge kwa kughushi. Kwa kuwa si mara ya kwanza kukutana na tafsiri hiyo, basi niseme.

Forge kwa Kiingereza ni kufua chuma: kukipasha moto kilainike, kisha kukipiga nyundo kipate umbo. Kutoka hapo wakapata kujenga jambo kwa jasho, na pia kutengeneza saini au cheti cha uongo.

Nimesema kilainike. Wapo wanaotafsiri "kuyeyusha", na hapo ndipo ninapochoka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Mhunzi hafiki huko. Yeye anavukuta hadi chuma kiwe chekundu kinachoelekea unjano, anakitoa kwa koleo, anakilaza juu ya fuawe, anapiga upesi kabla hakijapoa. Kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu ni kusubu, ufundi mwingine kabisa. Tena chuma cha kusubu ukikipiga nyundo hakikunjiki, kinapasuka.

Fuawe yenyewe imezaliwa na kufua, sawa na kifuo kile cha kufulia nazi. Ndani ya neno hili mna kupiga: nguo nazo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe. Siku hizi hata umeme tunaufua, ingawa pale bwawani sijamwona mtu na nyundo. Waingereza lao walilipata kwa Wafaransa, nao kutoka Kilatini fabrica, karakana ya fundi. Humo humo kikatoka fabricate, nacho kikaishia kwenye uongo vilevile.

Ghushi letu halijawahi kushika nyundo. Asili yake ni Kiarabu, ghishi, ule udanganyifu wa muuza maziwa anayeongeza maji. Halina upande wa sifa hata kidogo. Na ile forge ahead, kusonga mbele, kamusi za Kiingereza huiweka kando kama kitenzi kingine. Ilikuwa ya mabaharia, ya chombo kinachosukuma maji.

Yule mtoa mada angeandika "tumejenga ushirikiano", ingetosha. Au "tumefua", kama anaipenda sana nyundo.