Imani si bei ya wokovu: dhana potofu na ukweli

Wamisionari wa Kanisa la Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakaanzisha kituo chao Maseno mwaka 1906, kwa hiyo Injili imehubiriwa magharibi mwa Kenya kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, katika mikutano ya hadhara pale Kondele, mjini Kisumu, katika vikundi vya maombi na hasa katika matanga, bado husikika mafundisho yasiyopatana na Maandiko yanayotajwa kuyathibitisha, na wanaoumizwa nayo mara nyingi ni wagonjwa, maskini na wafiwa.

Wengi hudhani kwamba Mungu huanza kumpenda mtu siku ile anapookoka. Ukweli ni kwamba Paulo anaweka upendo huo mbele ya toba: Kristo alikufa kwa ajili yetu “tulipokuwa tungali wenye dhambi” (Warumi 5:8). Katika mfano wa mwana mpotevu, baba anamkimbilia mwanawe angali mbali na kumkumbatia kabla kijana hajatamka neno la kuungama. Toba ni ya lazima, lakini ni jibu kwa upendo uliokwisha kutolewa.

Dhana inayoleta madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayoigeuza imani kuwa bei ambayo Mungu hudai kabla ya kutenda. Mgonjwa akiombewa asipone, huambiwa kwamba imani yake ni haba, na wako waliohimizwa kuacha dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi ili kuonyesha kwamba wanaamini. Huu ni ukatili unaovishwa vazi la dini. Paulo, aliyeandika mengi kuhusu imani kuliko wahubiri wetu wote, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na “mwiba” wa mwilini uliomtesa Paulo mwenyewe haukuondolewa ingawa aliomba mara tatu. Hakuna kati yao aliyelaumiwa kwa kukosa imani. Naye yule baba aliyelia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu” (Marko 9:24), alisikilizwa, na mtoto wake akaponywa.

Imani, basi, ni mkono mtupu unaopokea. Waefeso 2:8 inasema kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba hilo ni kipawa cha Mungu. Ndiyo maana mwaliko wa “kupanda mbegu” kwa kutuma pesa kwa simu ili mtu afunguliwe au abarikiwe unapingana na kiini chenyewe cha Injili. Sadaka ya shukrani ni jambo jema, lakini Simoni, yule mchawi wa Samaria, alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimjibu kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20).

Je, wokovu ukiwa wa bure, matendo hayana maana? La. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo ya Waefeso inasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema, na Yakobo anaiita imani isiyo na matendo kuwa imekufa. Aliyepokea neema anapaswa kuonekana anavyomtendea mjane wa ndugu yake na kibarua wake.

Wengine bado hufundisha kwamba Wakatoliki huamini kuwa mtu hujiokoa kwa matendo yake. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, wala si kwa stahili yetu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006.

Lipo pia jambo la matanga. Mhubiri husimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba marehemu hakuokoka, kwa hiyo amepotea, huku mama yake akisikia. Hana msingi wa kusema hivyo. Mnyang’anyi msalabani hakuwa na ubatizo, ushirika wala muda wa kurekebisha maisha yake, naye aliahidiwa, “Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi” (Luka 23:43). Yaliyopita kati ya mtu na Mungu katika saa yake ya mwisho hayajulikani kwa mhubiri, na hukumu hiyo hakukabidhiwa. Alichokabidhiwa ni kuwatangazia walio hai habari ya upendo uleule uliotangulia, na kukaa na wafiwa.