Land Rover ya zamani na lami ndefu: usikimbilie kubadili difu

Wenye Land Rover za zamani, 88 na 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Fundi, gari inalia sana ikifika themanini, niiwekee difu za Range Rover?" Difu ni zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni. Tayari kuna mtu amewaambia kwamba difu hizo zinaingia bila kukata wala kuchomelea, na kwa magari mengi hilo ni kweli. Kama injini ni ile ya asili, jibu langu ni hapana. Nitaeleza kwa hesabu, maana gia ni meno tu, na meno yanahesabika.

Tuanze na gari lilivyotoka kiwandani. Krauni ya difu, ile gia kubwa, ina meno 47 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 10, kwa hiyo propela, shafti inayoleta nguvu kwenye difu, huzunguka mara 4.7 ndipo magurudumu yamalize mzunguko mmoja. Nyuma ya giaboksi kuna transfa, giaboksi ya pili yenye gia za kawaida na gia nzito za low, ambayo kwenye gia za kawaida inapunguza kwa 1.148. Giaboksi yenyewe ikiwa namba nne haipunguzi kitu. Zidisha 4.7 kwa 1.148 upate 5.4: injini inazunguka mara 5.4 kwa kila mzunguko wa tairi.

Tairi la 7.50-16 likiwa limebeba gari husogea kama mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Lako pima mwenyewe: chora chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka alama irudi chini, weka futi kamba. Kwa vipimo hivyo, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika gari linakwenda kilomita 82 kwa saa. Hapo ndipo kilio kinapoanzia. Injini ya petroli ya lita 2.25 hufikisha nguvu farasi zake 77 kwenye mizunguko 4,250, lakini mvuto wake mkubwa uko 2,500. Kwa hiyo ukiwa 80 umeshapita pale inapopenda kufanya kazi, na safari ya Dodoma hadi Singida unaisikiliza njia nzima.

Difu ya Range Rover ya zamani ina meno 46 kwa 13, yaani 3.54. Jumla inashuka toka 5.4 hadi 4.06. Kwenye 80 injini inazunguka kama 2,200 tu, na ile 3,000 sasa inakupa 108. Ukiishia hapo kwenye hesabu, utatoa hela.

Kabla hujaitoa, hakikisha kwanza gari lako lina difu gani, maana limepita mikono mingi. Kabari magurudumu ya mbele kwa mawe ya maana, inua ya nyuma yote mawili, toa four-wheel, weka nyutro, halafu achia hendibreki. Kabari ni lazima, kwa kuwa hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika propela nyuma ya transfa. Mtu mmoja ashike tairi la kushoto lisizunguke, wewe zungusha la kulia mizunguko miwili kamili huku mwingine anahesabu propela. Ikienda mara nne na karibu robo tatu, ni 4.7. Ikienda mara tatu na nusu, kuna mtu amekutangulia.

Ubaya wa difu ni kwamba ziko mwisho kabisa wa mnyororo, hivyo ukizigusa umegusa kila kitu kilicho mbele yake, hata usichokusudia.

Chukua gia ya kwanza ya low. Kwenye Series III, toleo la tatu la gari hizi, ni 3.68 mara 2.35 ya transfa mara 4.7, karibu 40.6. Gari linatambaa kilomita 2.5 kwa saa injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na ndicho kinachokuvusha kwenye tope jeusi la mbuga bila kuchoma klachi. Weka 3.54 na hiyo 40.6 inakuwa 30.6. Umepoteza robo ya nguvu ya kutambaa, na ndiyo hasa iliyokufanya ununue Land Rover.

Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mteremko wa Kitonga, au ule wa Lushoto kwenda Mombo, hushuki kwa breki za ngoma peke yake. Unashuka injini ikilishika gari. Ukiweka difu ya mbio, kila gia inashika kwa robo pungufu, breki zinabeba kilichobaki, na zikishapata moto unajua mwenyewe. Hendibreki nayo, kwa kuwa inashika propela, ilikuwa inasaidiwa na difu mara 4.7. Sasa inasaidiwa mara 3.54. Gari lililokuwa linasimama kilimani kwa shida litaanza kukutafuta.

Halafu kuna spidomita. Waya wake unatoka kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo haina habari kwamba umebadilisha chochote. Itasoma 50 wakati wewe uko 66. Kijijini penye kibao cha 50, trafiki mwenye tochi hatasikiliza hadithi ya meno 46 kwa 13.

Kwa injini ya asili, mimi napendekeza ovadraivu, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini. Ile ya Fairey ya Uingereza ndiyo inayopatikana zaidi kwenye mitumba. Inafungwa nyuma ya transfa, pale penye mfuniko wa PTO (sehemu ya kuchukulia nguvu ya injini kuendeshea mashine nyingine), na ina mkono wake mdogo. Uwiano wake ni 0.782. Kwenye namba nne jumla inakuwa 4.22: ukiwa 80 injini iko 2,300, yaani mizunguko mia moja tu zaidi ya difu za Range Rover. Tofauti ni kwamba hii unaizima. Ukifika juu ya Kitonga unaitoa, na gari linarudi kuwa lile la kiwandani, hendibreki na low vikiwa kama vilivyokuwa. Spidomita inabaki kweli, kwa sababu ovadraivu, ingawa imefungwa nyuma, inafanya kazi kabla ya pale waya unapochukulia.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui mpaka waendeshe. Namba tatu ya Series III ni 1.50 na namba nne ni 1.00, pengo linalokera mlimani: tatu inalia, nne inakufa. Namba tatu ikiwa na ovadraivu inakuwa 1.17, kati ya hizo mbili. Kwa dizeli ya 2.25 yenye nguvu farasi 62, gia hiyo moja ni sababu tosha ya kuinunua. Dizeli hiyo ukiipa difu za 3.54, kila upepo wa mbele utakurudisha namba tatu.

Ovadraivu inabeba oili kidogo, na ya kwake peke yake. Ikiisha, inakufa haraka. Ukiuziwa ya mtumba fungua nati ya chini, pokea oili mkononi, ipake kati ya vidole juani. Ikimetameta chembe za chuma, rudisha. Na kama una winchi inayoendeshwa na PTO ya nyuma, chagua moja, nafasi ni ile ile.

Difu za 3.54 nazikubali pale injini inapobadilika. 200Tdi, dizeli ya tabo ya Land Rover, inavuta kama Nm 255 kwenye mizunguko 1,800, wakati petroli ya 2.25 inatoa kama 168. Tdi haipendi kuzungushwa juu, na kwa 4.7 utaifanya itwete bure. Ukiweka na giaboksi ya gia tano ya LT77 pamoja na transfa ya LT230, low yake ya 3.32 inakurudishia kutambaa ulikopoteza. Ila giaboksi hiyo ni ndefu, itakudai propela mpya na kazi ya fremu, na LT230 inaendesha magurudumu ya mbele muda wote wakati joint za ekseli ya mbele hazikutengenezwa kwa hilo. Utalisikia kwenye usukani ukikata kona kali.

Mwenye 109 achungulie ekseli ya nyuma kabla ya kununua chochote. Ikiwa na mfuniko wa bolti upande wa nyuma, hiyo ni Salisbury, na difu ya Range Rover haiingii. Itabidi upate krauni na pinioni za 3.54 za Salisbury ya Land Rover 110, zipangwe kwa shimu (vibati vyembamba) na geji na fundi anayejua, au ubebe ekseli nzima. Wengine wakikwama hapo hubadili ya mbele tu, eti ya nyuma itafuata. Mbele 3.54 na nyuma 4.7, siku ukiingiza four-wheel ardhi ikiwa ngumu, kitakachovunjika kwanza ni afu shafti, ile inayotoka difu kwenda gurudumuni, au transfa.