Moto una mipaka yake: tunayoamini kuhusu sumu kwenye chakula na maji Visiwani

Ukiuliza mitaani namna ya kukiokoa chakula chenye shaka, jibu la kwanza ni moto. Kipike sana, maji yachemshe, samaki mkaange mpaka akauke. Si jibu la kijinga, na huko mbele nitaeleza limetoka wapi. Lakini yapo mambo ambayo moto hauyawezi, na Visiwani tumeshazika watu kwa kutolijua hilo.

“Nyama ikiiva vizuri, sumu huisha”

Machi 2024, Kisiwa Panza kule Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walikufa watu 7 kwa kitoweo hichohicho, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Hakuna anayekula kasa mbichi hapa kwetu. Nyama huchemshwa, huungwa, huiva.

Sumu ya kasa haitegemei uhodari wa mpishi. Joto la maji yanayochemka haliivunji, na kuianika nyama, kuitia ndimu au kuikoleza chumvi hakusaidii kitu. Haina harufu, haina ladha, na kasa mwenyewe huwa mzima, kanona, anaogelea vizuri. Wanasayansi wanaona huipata kwenye malisho yake, hasa kwenye bakteria wa baharini wanaoota kama nyuzinyuzi juu ya majani ya bahari. Watafiti wa Kijapani waliochunguza nyama ya kasa aliyewadhuru watu Madagaska katika miaka ya 1990 waliikuta humo laingbiatoksini A, sumu inayotengenezwa na bakteria hao. Hata hivyo kemia haijakubaliana juu ya sumu moja inayoeleza visa vyote duniani. Kwa hiyo ukisoma kwamba vipimo vimethibitisha wagonjwa walikula kasa, elewa kuwa kilichothibitishwa ni mlo. Kuitaja sumu yenyewe ni kazi nyingine, na ngumu zaidi.

Halafu kuna hoja ya “wazee wetu walikula miaka yote”. Ni kweli, walikula, na wengi hawakudhurika. Kasa mmoja hubeba sumu kwa sababu ya mahali alipolisha, mwenzake aliyelisha upande wa pili wa mwamba asiwe na kitu. Kumi waliopita salama hawamdhamini wa kumi na moja. Na anayelipa zaidi ni mtoto: sumu hupita kwenye maziwa ya mama, na imeshatokea mama akaumwa kidogo tu huku mtoto wake mchanga anazidiwa. Dawa ya kuiondoa haipo, mgonjwa husaidiwa dalili zake tu. Kasa analindwa kisheria, lakini hata sheria ingekuwa haipo, mimi nisingemgusa.

Sasa imani hii ya moto ilitoka wapi? Nadhani imetoka kwenye muhogo. Muhogo mchungu una kiambata kiitwacho linamarini. Ukiutwanga au kuuparuza, chembe zake hupasuka, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kilichomo humohumo hukutana na linamarini, na sianidi hutoka. Asidi ya sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida wa Wete. Ukiuanika muhogo uliotwangwa, au ukiuchemsha bila kifuniko, sumu hupaa na kwenda zake. Bibi zetu walikuwa wakemia wazuri kwenye hili. Hata ushauri wa kuuanzisha muhogo kwenye maji baridi una maana yake, kwa sababu maji ya moto ghafla hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Maharage nayo yana sumu ya protini inayoharibika kwa kuchemshwa sawasawa. Tulishinda mara mbili jikoni, tukadhani tumeshinda daima.

Bunju, yule samaki anayejivimbisha, hana haja ya maneno mengi. Sumu ya tetrodotoksini iliyomo kwenye ini, mayai na ngozi yake hutengenezwa na bakteria, haiogopi sufuria, na miligramu 1 hadi 2 zinatajwa kutosha kumuua mtu mzima. Hufunga njia za sodiamu, yaani vijitundu vinavyopitisha ishara kwenye mishipa ya fahamu, misuli ya kupumua ikalegea huku mgonjwa akili zake zote anazo. Mvuvi anayemrudisha baharini anajua anachofanya.

“Mimi nina aleji ya jodari”

Hii naisikia sana, na mara nyingi si aleji.

Tazama kipande cha jodari kwenye meza ya soko la Darajani saa nane mchana. Nyama nyekundu bado inang'aa, muuzaji anaimwagia maji kila dakika chache, anakuapia: “Huyu wa leo, mama.” Na huenda kweli ni wa leo. Swali la mkemia ni jingine: amekaa saa ngapi bila barafu tangu atoke majini?

Jodari, nguru na vibua wana histidini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, kwa wingi kwenye minofu yao. Samaki akifa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo husambaa, na kwenye joto letu la nyuzi 28 au 30 hufanya kazi upesi, wakaigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo ileile ambayo mwili wako huimwaga unapopatwa na aleji ya kweli. Ndiyo maana dalili zinafanana: uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, vipele vinatoka, tumbo linavuruga. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache, na dawa za aleji husaidia. Mgonjwa akipona haraka, anajihukumu: mie na jodari basi.

Njia ya kuitofautisha sumu hii na aleji ya kweli si ngumu. Kama wiki iliyopita ulikula jodari usidhurike, na safari hii watatu mliokula sahani moja mmepata mwasho pamoja, basi lawama ni ya samaki. Baadhi ya watu huhisi ulimi ukichoma kama wametafuna pilipili. Ukihisi hivyo, tema. Lakini usiutegemee ulimi kila siku, maana histamini inaweza kuwa nyingi na usihisi chochote.

Kumkaanga hakusaidii. Bakteria watakufa, histamini itabaki. Kumtia kwenye friji usiku baada ya kushinda juani pia hakurudishi kitu nyuma, kwa sababu kilichokwisha kutengenezwa hakifutiki, na kimeng'enya cha bakteria huweza kuendelea kidogo kidogo hata wenyewe wakiwa wamekufa. Kinga yake ni moja tu, barafu tangu ndani ya chombo. Viwango vya kimataifa vya chakula, vile vya Codex, vinataka histamini isizidi miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki, na jodari aliyeachwa kwenye joto anaweza kuvuka hapo kwa mbali huku mnunuzi anasifia rangi.

Kuna na hili la kumrushia paka kipande kwanza. Paka wa Mji Mkongwe wana kazi nyingi, lakini hii hawaiwezi: histamini haienei sawasawa ndani ya samaki mmoja, hivyo mkia unaweza kuwa salama na karibu na tumbo pakawa pabaya. Sumu ya kasa nayo huchukua saa kadhaa, pengine siku, kuonyesha makali, na paka atakuwa ameshasahau. Kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi kinapima salfa, na yai la kuchemsha tu linatosha kukifanya kiwe cheusi.

“Cha asili hakina kemikali”

Kauli hii kuisikia Zanzibar ni ajabu kidogo, maana karafuu yenyewe ni kiwanda cha kemia kinachoota mtini. Mafuta yake, yakiwemo yanayokamuliwa kwa mvuke kutokana na makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Chake Chake, kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Ndicho kinachotia ganzi jino, na madaktari wa meno hukichanganya na oksaidi ya zinki kuziba matundu. Tone kwenye pamba, sawa. Lakini mtoto mdogo aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu ameshawahi kuripotiwa kwenye majarida ya tiba akiwa amepoteza fahamu na ini limeharibika, akatibiwa kama aliyezidisha parasetamoli. Kichupa kile kinachouzwa dukani kama zawadi kiwekwe juu, mbali na watoto, kama dawa nyingine yoyote.

“Maji haya meupe, ya kisima cha mwamba, hayana kitu”

Unguja tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa na mapango upesi sana, bila kuchujwa na udongo mnene. Yanatoka yakiwa meupe peee. Choo cha shimo cha jirani nacho kimechimbwa kwenye jiwe hilohilo.

Hapa moto una kazi yake na usidharauliwe: kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Klorini nayo hufanya hivyo, na wanaoikataa kwa sababu “ni kemikali” wanakimbia harufu ya dawa na kuyafuata maradhi. Kinachobaki ni kile kilichoyeyuka. Nitreti inayotoka vyooni na kwenye mbolea haina rangi wala harufu, na ukichemsha lita moja ikapungua hadi nusu, nitreti imekuwa mara mbili kwa kila glasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga: nitreti ikigeuka nitriti mwilini huiharibu damu isibebe oksijeni, mtoto akabadilika rangi kuwa ya samawati. Chumvi ya bahari inayoingia visimani karibu na pwani nayo haitoki kwa kuchemsha. Chokaa nyeupe inayoganda ndani ya birika, kwa upande mwingine, ndiyo inayowatia watu hofu bure. Ni kalsiamu ya hilohilo jiwe letu, na birika ndilo linaloumia zaidi.

“Manjano ikiwaka sana ndiyo nzuri”

Huu ni mfano wa Bangladesh, nauleta kwa sababu sisi pia tunauza viungo kwa macho ya mnunuzi. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha kuwa wasindikaji kule walikuwa wakiipaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, ili ing'ae. Risasi hii, ile metali nzito, huharibu ubongo wa mtoto, na mchuzi ukichemka haipungui hata chembe. Serikali ikaingia masokoni na kipimo cha mkononi kinachotumia eksirei, kinachoonyesha risasi papo hapo bila kusubiri maabara, ikatoza faini hadharani. Sampuli za sokoni zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Katika habari zote za kemia ya chakula za miaka hii, hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Ukitaka manjano ya uhakika, nunua vidole vizima, uvunje uone ndani, utwange mwenyewe.

“Mashine imesema, basi”

Watu hukosea pande mbili. Wa kwanza akisoma “haikuonekana” kwenye cheti cha maabara, anaelewa “haimo”. Kila kipimo kina kiwango chake cha chini, na chini ya hapo mashine ni kipofu. Na kama nilivyosema kuhusu jodari, ukikata kipande kimoja cha mkia umepima mkia, hujampima samaki. Maabara makini huchukua vipande kadhaa.

Wa pili akisikia kitu kimepatikana, anaona kifo. Mashine za sasa hugundua vitu kwa sehemu moja katika bilioni, na wakati mwingine huona hata kisichokuwepo. Chukua habari za plastiki ndogondogo mwilini zinazozunguka kwenye simu. Njia mojawapo ni kuichoma sampuli na kuusoma moshi wake. Tatizo ni kwamba mafuta ya mwili yakichomwa hutoa vipande vinavyofanana na vya polithini, plastiki ya mifuko, na wakemia wengine wameshazihoji namba hizo hadharani. Plastiki ni tatizo, na Zanzibar ilipiga marufuku mifuko yake tangu 2006, lakini namba isiyopimwa pamoja na sampuli tupu ya kulinganishia ni ya kuitilia shaka.

Basi ikitokea nyumbani watu wamekula wakaanza kutapika, kuwashwa midomo au kusinzia, waende hospitali mara moja, na chakula kilichobaki kisimwagwe. Mara nyingi tunakitupa kwa hasira au hofu, na maabara inabaki na matapishi tu, au haibaki na chochote. Kipande cha nyama au samaki kifungwe kwenye mfuko safi bila kuoshwa wala kutiwa siki, kiwekwe kwenye barafu, mbali na mikono ya watoto na kisiguswe na vyakula vingine. Juu yake andika tarehe na saa mlipokula, jina la samaki kwa Kiswahili cha wavuvi, na mahali aliponunuliwa au kuvuliwa.