Kukata na kukausha mkole wa upinde hapa Dodoma

Wengi wanaojifunza kuchonga pinde kwa kutazama video za Wamarekani huja kwangu wakitafuta hikori. Huku haioti. Ni mti wa mashariki mwa Marekani, ingawa huenda umeshaushika: mipini mingi ya nyundo na mashoka ya kule ni ya mti huo. Sifa yake ni nyuzi zisizokatika ovyo. Ukivuta ugwe, mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, unavutika kwa nguvu, na hikori inavumilia mvuto huo kuliko miti mingi.

Sisi tuna mkole, huu huu ambao watoto wanachuma matunda yake na magome yake yanafaa kwa kamba. Mgumu, mweupe wa manjano, unapinda na kurudi. Sioni sababu ya kuagiza mbao kutoka ng'ambo.

Kinachowaponza watu ni ushauri wa kukausha. Kule adui ni unyevu. Hikori hunyonya unyevu wa hewani, upinde ukalegea na kubaki umejikunja, kwa hiyo mafundi wao huikausha mpaka maji yabaki kama asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa mti mkavu. Wengine hutengeneza sanduku lenye balbu za kupasha joto. Fanya hivyo Dodoma mwezi wa nane, na upepo huu wa vumbi, uone kama fimbo zako hazitapasuka zote. Hapa kazi ni kupunguza kasi.

Mimi hukata mvua zinapokatika, Aprili kuelekea Mei, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji. Nachagua shina la unene wa kifundo cha mkono, refu kupita mita moja na nusu, lisilo na mafundo. Mistari ya gome ikizunguka shina, achana nalo, maana nyuzi za ndani nazo zimezunguka. Tumia msumeno, acha kisiki safi; mkole huchipua tena.

Wakati huo gome halijashikana na mti. Unachana mstari mmoja kwa kisu, unapenyeza kidole gumba, linavuka kama soksi, na chini yake mti unateleza, haujaguswa na chuma. Huo ndio mgongo wako, usiukwangue. Ukisubiri Julai gome litang'ang'ania, utalikwangua na kukata nyuzi za juu, na uzi uliokatwa mgongoni ndipo upinde utakapovunjikia. Kuacha gome nako kunakaribisha wadudu wanaotoboa mti na kuacha unga.

Siku hiyo hiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi ya mbao, mara mbili, kwa sababu maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni. Mgongo nao upate gundi nyepesi. Kisha teremsha upande wa tumbo, yaani unaomtazama mpigaji, kwa tezo mpaka kiini kiondoke. Wengi huliruka hili! Mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kufuata mzingo wake kuliko kuelekea kiini, kwa hiyo shina zima la mviringo lazima lipasuke mahali. Ukiondoa nusu, linapata nafasi ya kusinyaa.

Lifunge kwenye ubao ulionyooka, uliweke ndani ya nyumba, chini ya kitanda hata. Darini chini ya bati, hapana. Mchana kule ni tanuri.

Muda wa kukauka siutaji, nauachia mzani. Pima kila wiki, andika uzito kwa penseli kwenye ubao. Mwanzoni unashuka sana, kisha kidogo kidogo. Ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, anza kuukunja upinde taratibu. Desemba, mvua zikianza, pima tena kabla ya kuendelea kuchonga. Ukikuta uzito umepanda, usipunguze unene wa upinde kwa kuona tu umekuwa laini kuvuta. Huo ni unyevu, na kiangazi utakuwa mkali tena.