Kisukari cha majaribio: panya wa maabara huuguaje?

Siku hizi wauza dawa za asili wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wana maneno mapya ya kumvuta mteja: mzizi huu umepimwa, umeshusha sukari ya panya. Wengine wanasema kweli kabisa. Panya walikuwepo na sukari ilishuka. Kisichotajwa ni namna panya wale walivyopata kisukari, maana hawakukipata kama anavyokipata mama wa Rungwe aliyefikisha miaka hamsini. Walitiwa ugonjwa kwa makusudi, ndani ya siku chache. Hicho ndicho kisukari cha majaribio.

Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akaanza kutoa mkojo wenye sukari. Ndipo ilipojulikana kwamba kongosho ndilo linalotawala sukari ya damu. Mbwa wa namna hiyohiyo ndio waliotumiwa na Frederick Banting na Charles Best kule Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akachomwa sindano ya kimiminika kilichokamuliwa kutoka kwenye kongosho. Insulini, yaani kichocheo cha kongosho kinachoshusha sukari ya damu, ilianza kutumika kama dawa hapo.

Leo kisu hutumika mara chache. Panya huchomwa alloksani au streptozotosini, kemikali zinazofanana na glukosi, ile sukari ya damu, kiasi kwamba seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, huzipokea kwa njia ileile ya kupokelea sukari. Kemikali hizo zikishaingia, huziua seli. Saa za mwanzo sukari hupanda. Kisha seli zinapokufa humwaga insulini yote iliyokuwamo, na sukari huporomoka vibaya, hata watafiti hulazimika kuwanywesha panya maji ya glukosi wasife. (Ajabu yake: mnyama anayetafutiwa kisukari anaokolewa kwa sukari.) Baada ya hapo hupanda tena, na safari hii hukaa juu.

Kama siku tatu hivi baada ya sindano, tone la damu ya mkiani huwekwa kwenye mashine ya kupimia sukari, kama hii ya kutoboa kidole. Watafiti wengi humhesabu panya kuwa mgonjwa akizidi miligramu 250 kwa desilita, yaani karibu 14 kwa kipimo cha milimoli kinachosomwa hospitali zetu. Insulini ikiwa haipo, misuli haipokei glukosi inavyotakiwa, na ini, ambalo halina tena wa kulizuia, linaendelea kuimwaga kwenye damu. Inayozidi hupita kwenye figo ikivuta maji, kwa hiyo panya anakunywa, anakojoa, anakula sana na bado anakonda.

Tusidhani kila mnyama huathirika. Simbilisi, hawa wanaofugwa majumbani Iringa na Njombe, ni sugu kwa alloksani. Seli beta za binadamu nazo ni sugu.

Ugonjwa wa panya huyu unafanana zaidi na aina ya kwanza ya kisukari, ilhali wagonjwa wengi wana aina ya pili, ambayo insulini ipo lakini mwili hauitii ipasavyo. Ili kuikaribia hiyo, panya hulishwa mafuta mengi kwa wiki kadhaa, ndipo huchomwa streptozotosini kidogo. Wapo pia panya wanaozaliwa na kasoro ya jeni, wakanenepa na kupata kisukari wenyewe.

Kwa hiyo ukiambiwa mzizi umefaulu, la kwanza kuuliza ni panya walipewa lini. Wakipewa kabla ya sindano ya sumu, huenda ulizuia sumu isiue seli, na hilo halimsaidii mtu ambaye tayari anaumwa. Sumu ikiwa kidogo, seli zilizosalia zinaweza kujikongoja zikapona bila dawa yoyote, ndiyo maana lazima liwepo kundi la panya wagonjwa wasiopewa mzizi. Dawa chungu nayo humfanya panya asile, na asiyekula sukari yake hushuka.

Lipo pia suala la kipimo cha dawa. Miligramu 400 kwa kila kilo ya panya hazihamishwi hivyohivyo kwa binadamu; hesabu inayotumika sana hugawanya kwa karibu 6, na mtu wa kilo 70 anafikia gramu nne na nusu. Hizo ni gramu za kiini kilichokamuliwa na kukaushwa maabara, si za unga wa mzizi uliotwangwa.