Chuma cha mama kinavyomfikia mtoto tumboni

Wajawazito wengi ninaowahudumia huamini kwamba mtoto aliye tumboni hujichotea madini ya chuma kadiri anavyohitaji, hata mama mwenyewe akiwa ameishiwa. Imani hiyo ni kweli nusu tu.

Damu ya mama na ya mtoto hukutana katika kondo la nyuma bila kuchanganyika. Chuma cha mama hubebwa na protini iitwayo transferini, ambayo kila molekuli yake huchukua atomu mbili tu. Ikifika kwenye kondo, hunaswa na vipokezi vilivyo upande wa mama, kisha humezwa nzima ndani ya kifuko kidogo ambacho asidi yake huongezeka hadi chuma kikabanduka; transferini tupu hurudishwa kwenye damu ya mama ikabebe mzigo mwingine. Chuma chenyewe huvuka seli na kutokea upande wa mtoto kupitia feropotini, protini iliyo mfano wa mlango, na huko hudakwa na transferini ya mtoto.

Ujauzito mzima hudai takriban miligramu 1,000 za chuma, ambazo mtoto na kondo huchukua kama 300, nyingi zikivuka katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana njiti huzaliwa na akiba pungufu. Ili kumudu mahitaji hayo, ini la mama hupunguza hepsidini, homoni inayozuia chuma, na utumbo ukapata kufyonza zaidi.

Akiba ya mama ikipungua, kondo huongeza vipokezi vyake, na hapo ndipo ile imani ya wajawazito inapopata mashiko. Upungufu ukizidi, mambo hubadilika: majaribio ya panya yameonyesha kwamba feropotini hupungua, kondo likabana chuma kwa matumizi yake lenyewe. Hicho kidogo kinachomfikia mtoto nacho hutangulizwa kwenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hata kama ubongo utapungukiwa.

Kwa sababu hiyo siridhiki na kipimo cha himoglobini peke yake. Mama mmoja, mwenye ujauzito wa wiki 14, alinijia na himoglobini ya gramu 11.6 kwa desilita, akiwa ameshaambiwa kwamba damu yake inatosha. Nilipompima feritini, inayoonyesha akiba, ilikuwa mikrogramu 8 kwa lita: ghala lilikuwa karibu tupu, na ile miezi mitatu ya mwisho ilikuwa bado haijaanza.