Jambia la Babu Lilikuwa la Nani, na Mnajuaje?

Familia nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu zina jambia la Kiomani lililorithiwa. Wakituletea hapa makumbusho, swali la kwanza huwa bei. Sisi huanza na jingine: lilikuwa la nani, na mnajuaje?

Fedha iliyolipamba haisemi mengi. Masonara wa Oman waliyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, kupata fedha ya ala na pete zake, na reale hizo huandikwa mwaka 1780 hata zikiwa zimepigwa karne ya 20. Anayekuonyesha sarafu mshipini na kudai "tazama mwaka" hajathibitisha kitu. Mtindo nao huigwa. Jambia la Saidi, linalonasibishwa na ukoo wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, lina pete saba, na fundi stadi wa leo hashindwi kuzitia. Tena bapa likiliwa na kutu hubadilishwa, ala ikichakaa hushonwa nyingine. Hilo si kosa, mradi mnunuzi aambiwe.

Kwa hiyo tunatafuta ushahidi: risiti ya sonara, wosia, barua, na zaidi ya vyote picha. Kama babu alipigwa picha ya harusi akiwa amelivaa, tazameni kipini kwa kioo cha kukuza. Msumari uliodondoka au ufa mdogo wa pembeni ukionekana pichani na kwenye jambia pia, hapo tuna la kuzungumza. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 jamaa wengi walitawanyika. Jambia likabaki Unguja, albamu ikaenda Muscat. Mpigieni shangazi simu. Wazee hufurahi kuulizwa.

Kipini cha pembe ya kifaru kina shughuli yake. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, na bila hati za umri jambia linaweza kutaifishwa uwanja wa ndege, hata kama ni la babu kweli. Ukilimulika kwa taa, pembe ya kifaru huonyesha nyuzi nyembamba kama nywele zilizogandishwa. Mkiziona, ulizeni idara ya wanyamapori kabla ya kulisafirisha.

Mnapoandika historia yake, tengeni mliyoyaona na mliyosimuliwa, na mtaje aliyesimulia. Tafadhali msilisugue kwa limau wala majivu kabla hatujaliona: alama ya sonara huwa ndogo, na ikishafutika hairudi.